Siku Bi Doa Alipovua Aproni

Uvumi niliusikia kwa muuza mboga, Jumatatu asubuhi, nikiwa nachagua nyanya. Mbele yangu walikuwa wanawake wawili ambao hawakunijua mimi ni nani. Walikuwa wakisema kwamba kule kwenye dobi kubwa wafanyakazi wanaandika barua kwa meneja ili kumkataa msimamizi wao mpya. Mmoja akasema ni kabinti kadogo, kamepewa cheo juzi tu, kichwa kimekavimba, kamemwondoa mtu mzima mezani pake mbele ya watu wote ili kampe rafiki yake ile nafasi. Mwenzake akaguna, akauliza, hivi huyo hana mama?

Mama yake ni mimi. Nyanya niliyokuwa nimeishika niliirudisha kwenye fungu, nikaondoka bila kununua kitu, muuza mboga akabaki ananiita.

Siku ile niliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilifagia, nikafagia tena pale pale. Nilijiambia watu hutia chumvi, kisha nikasikia tena lile swali, hana mama? Sasa nayaandika haya kwa ajili ya wazazi wenzangu ambao watoto wao wamepewa watu wa kuwaongoza, na kwa ajili ya watoto wenyewe. Msije mkafanya niliyoyafanya.

Kwanza niwaeleze lile dobi, maana mimi nililifanyia kazi miaka kumi na tisa. Linafua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Mashuka machafu huingia kwa mlango wa nyuma, yanapita kwenye mashine za kufulia na za kukaushia, halafu yanafika kwenye meza moja ndefu iliyowekwa chini ya dirisha kubwa. Hiyo ndiyo meza ya kukagulia. Kila shuka hutandazwa pale kwenye mwanga. Likionekana doa, mkaguzi anashona uzi mwekundu kidogo mahali lilipo, shuka linarudi kufuliwa upya. Likiwa safi linakwenda kwenye pasi kubwa ya kuzunguka, ambapo nilisimama mimi mpaka magoti yakagoma, na kutoka hapo linakwenda kukunjwa na kufungashwa.

Kwenye meza ile alikaa Bi Doa. Jina lake la kweli nadhani hata meneja alilisoma kwenye faili tu. Tulimwita Bi Doa kwa sababu hakuna doa lililowahi kumpita. Tulikuwa tukimtania kwamba akienda harusini hatamtazama bibi harusi, atatazama kitambaa cha meza. Ukipeleka shuka pale ukidhani ni jeupe kama maziwa, yeye anaweka kidole, anasema, hapa kuna mtu alikunywa chai akiwa amelala.

Binti yangu alikulia mle ndani. Shule zikifungwa sikuwa na pa kumwacha, basi nilikuwa naye kazini, analala juu ya lundo la mashuka yenye joto yaliyotoka kukaushwa. Bi Doa, ambaye binti yangu humwita shangazi mpaka leo, alimfuta kamasi, alimfundisha kufunga kamba za viatu, na siku moja alimchapa kwa kuchora ua kwa kalamu kwenye foronya ya hospitali. Alipokua akaajiriwa pale pale. Baada ya miaka tisa, msimamizi wa zamani akastaafu, wakampa yeye usimamizi, kwa majaribio ya miezi mitatu. Watu ishirini na mmoja chini yake, na nusu yao wanakumbuka alipokuwa hana meno ya mbele.

Huo ndio ugumu wenyewe. Akisema, mama, naomba ile mizigo ya hospitali itangulie, anajibiwa, subiri kidogo mwanetu, nimalizie hadithi. Akisema saa ya chai imekwisha, wanacheka, wanasema huyu tulimbeba mgongoni leo anatuhesabia dakika. Hawakuwa na ubaya. Lakini mizigo ilichelewa, na yeye alirudi nyumbani sauti imekauka.

Hapo ndipo nilipotia neno langu la kwanza, na sikuombwa. Nilimwambia akaze sura. Nilimwambia asijieleze-eleze, kwa sababu bosi anayejieleza watu humwona kama anaomba. Toa amri, geuka, ondoka, ndivyo nilivyomwambia, mimi ambaye sijawahi kumwongoza mtu yeyote isipokuwa watoto wangu, na hao wenyewe kwa shida. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na mimi nikafurahi kwamba ananisikiliza.

Turudi kwenye ile Jumatatu. Alirudi kabla jua halijazama, akavua viatu mlangoni, akakaa kitini akisugua kisigino. Nilimwuliza ni kweli kwamba amemwondoa Bi Doa mezani. Akasema, mama, mambo ya kazini tuyaache kazini. Nikamwuliza ni kweli kuna barua. Akasema amesikia hivyo, ataiona ikifika. Nikamwuliza kama hajui kwamba watu wanauliza mtaani iwapo ana mama. Akaendelea kusugua kisigino.

Nilikaa nikamtazama. Halafu nikasema kichwa kinaniuma, nahisi presha inapanda. Kweli presha ninayo, lakini jioni ile haikuwa imepanda. Niliitumia tu. Akainuka, akaniletea maji, akakaa sakafuni karibu na miguu yangu kama alivyokuwa akikaa utotoni, akaniambia.

Hospitali ilikuwa imerudisha mzigo wa mashuka mara mbili kwa mwezi mmoja, yakiwa na madoa ambayo hata mpita njia angeyaona. Mara zote mbili aliwahi kazini kabla ya wenzake, akayafua mwenyewe, akayapeleka, na kwa meneja hakusema kitu. Akaanza kumwangalia Bi Doa. Akamwona anapitisha vidole juu ya shuka badala ya macho. Akamwona anajaribu kutia uzi kwenye sindano mara tano, sita, kisha anajifanya amebadili mawazo. Na asubuhi moja, Bi Doa aliingia kwenye kiofisi cha msimamizi kuweka mkoba wake, akalikuta koti la binti yangu limetundikwa kwenye msumari. Akaliambia, umeamkaje, mwanetu? Akasimama kidogo akisubiri, kisha akatoka. Binti yangu alikuwa amechuchumaa nyuma ya kabati akitafuta madaftari, akaona yote, akaziba mdomo kwa mkono.

Basi akaandika kwenye karatasi mpango mpya wa kazi, akausoma mbele ya wote: kuanzia kesho Bi Doa anakwenda meza ya kukunjia, na mezani kwake anakaa msichana mmoja mwenye miezi minne tu kazini, kwa kuwa ana macho makali. Hakutaja sababu. Alisoma, akageuka, akaondoka, kama nilivyomfundisha.

Tangu siku hiyo hawakumwita tena mwanetu. Walianza kumwita mheshimiwa. Ndiyo mheshimiwa, tumesikia mheshimiwa. Akiingia chumba cha chai, vikombe vinakuwa na kazi nyingi na midomo inakuwa haina.

Nilimwuliza kwa nini hakuwaambia ukweli. Akasema meneja akijua atamrudisha Bi Doa nyumbani, na amebakiza miaka miwili tu astaafu kwa heshima zake.

"Na yeye mwenyewe kwa nini hukumwambia?"

"Nikimwambia ninajua, mama, nitakuwa nimemvua nguo. Bora anichukie."

Akaniapisha. Niliapa kwa kaburi la baba yake kwamba halitatoka. Na wakati ule naapa nilimaanisha, ndugu zangu. Ningekuwa nadanganya nisingeliandika.

Nilikaa nalo Jumanne nzima. Jumatano nikaenda kwa fundi.

Huyu fundi ndiye anayeshona mashuka yaliyochanika, ana cherehani yake pembeni pale dobi, na Jumatano ni siku yake ya mapumziko. Mimi na yeye tuliajiriwa siku moja. Ni mtu wa maneno machache. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia amebeba neno la mtu kulipeleka kwa mwingine, na ndiyo maana nilijidanganya kwamba kwenda kwake siyo kwenda kusema. Nilimwambia nimepita kumjulia hali. Akanitengea chai, akakaa, akasubiri, kwa sababu alijua sikufuata hali yake.

Akaniambia mwenyewe. Barua ipo. Inakwenda kwa meneja Ijumaa. Karibu wote wamesaini, wanamngoja yeye kwa kuwa jina lake lina uzito.

"Na mimi nitasaini kesho, mwenzangu," akasema. "Nakuambia usoni ili usije ukalisikia njiani. Mtoto amemkosea mtu mzima."

Ningemeza. Ningesema sawa, nikanywa chai, nikaenda nyumbani kulia. Lakini kusikia mwanao anahukumiwa kwa kosa ambalo ni wema, na wewe umeushika ushahidi mdomoni, jamani, ni kazi kubwa. Mdomo wangu ukakosa breki. Nilimwambia yote, mashuka yaliyorudishwa, sindano, koti. Nilimwambia mwanangu anatukanwa bure, anamsitiri mtu.

Fundi alilia kimyakimya, machozi yanashuka bila uso kukunjamana. Akasema hasaini. Akasema hatamwambia mtu. Na kweli hakumwambia mtu, hilo mlielewe vizuri, kwa sababu kilichotokea hakikutokea kwa umbea. Kilitokea kwa upendo.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilipika, nikaimba. Nilijiona nimemwokoa mwanangu.

Alhamisi saa nne, chumba cha chai, wote wamekaa. Bi Doa akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake. Fundi alikuwa karibu naye, na moyo wake ulikuwa umejaa tangu jana. Akakishika kile kikombe, akakigeuza mkono wa kikombe uelekee upande wa Bi Doa, akamshika kiganja akakipeleka pale, akasema polepole, taratibu dada, kiko hapa kulia.

Watu hawakuelewa, lakini waliona kwamba kuna jambo. Bi Doa alielewa. Aliuacha mkono wake pale ulipopelekwa.

"Nani kakwambia mimi sioni?"

Fundi hajui kudanganya. Aliinamisha uso. Mmoja wa upande wa kufungasha, anayeitwa Redio kwa sababu hazimwi, akadakia, kwani huoni? Na chumba kizima kikageuka kumtazama yule mama, ambaye miaka thelathini kasoro ndiye aliyekuwa akitazama.

Bi Doa akasimama. Akafungua kamba za aproni yake, akaikunja mara nne, pembe kwa pembe, kwa vidole, akaiweka mezani. Akatoka kwa mlango wa nyuma, ule wa mashuka machafu. Binti yangu aliyaona hayo kutoka kwenye kiofisi chake, kupitia kioo, bila kusikia neno. Alipokimbia nje, Bi Doa alikuwa amekwisha kuvuka barabara, anatembea kwa kugusa ukuta.

Mwanangu aliomba ruhusa, akaja nyumbani saa tisa. Hakuvua viatu.

"Mama, siri yangu ulimpa nani?"

Nikasema, siri gani? Akanitazama vile nilivyokuwa nikimtazama yeye zamani, anapokana kula sukari na huku sukari iko mdomoni. Nikaketi. Nikasema nilimpa fundi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkabala na mimi, akasema kwa sauti ndogo:

"Mimi nilikuwa tayari kunyang'anywa kile cheo, mama. Nilishajiandaa. Nilikuwa simlindi msimamizi, nilikuwa namlinda shangazi. Wewe umeokoa kitu ambacho sikukuomba, ukavunja kile nilichokuomba."

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa atauondoa. Baadaye kidogo akainuka, akanawa uso, akasema anakwenda kwa Bi Doa. Nikamwambia ngoja kesho, mwache apoe.

"Kesho barua inakwenda kwa meneja. Nikienda kesho ataona nimeiogopa barua. Nakwenda leo."

Nikamwomba niende naye. Niliomba, sikusema twende. Akafikiri. Akasema nitakaa nje mpaka aniite, na asiponiita nitarudi nyumbani bila kununa. Nikakubali. Nilimfuata nyuma hatua mbili barabara nzima, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anavyotembea akiwa na jukumu. Anatembea kama baba yake.

Bi Doa anaishi chumba kimoja na ukumbi, na mlango wake una kizingiti cha saruji. Nilikaa pale kizingitini, mgongo ukutani. Mlango ulikuwa wazi, basi nilisikia. Sikutega sikio, lakini pia sikuliziba.

Binti yangu alimpa shikamoo. Akairudia. Bi Doa akasema, leo unayo? Mbona ile siku hukunipa?

Binti yangu akauliza siku gani.

"Siku niliyoingia ofisini kwako nikakujulia hali, umesimama umeninyamazia kama mti. Mimi mtu mzima nikakusalimia wa kwanza, nikangoja shikamoo yangu, haikuja. Nikasema sawa, mwanetu amekuwa mkubwa. Wiki ya pili yake ukanisomea kwenye karatasi nikakunje mashuka."

Nilisikia mwanangu anavuta pumzi. Kisha akasema, polepole, shangazi, lile lilikuwa koti.

"Lilikuwa nini?"

"Koti langu. Kwenye msumari. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati, nimechuchumaa."

Nilijishika magoti. Halafu nikasikia sauti kama ya mtu anayekohoa, nikadhani analia, kumbe anacheka. Bi Doa alicheka mpaka akapaliwa. Akasema, nimelinunia koti wiki nzima, nimelisema vibaya kwa watu. Na mwanangu naye akashikwa na kicheko, na ndani ya kicheko kile wote wawili wakaanza kulia, na pale nje mimi nikajifuta kwa upande wa kanga.

Walipotulia, Bi Doa akamwuliza kwa nini hakutokeza siku ile kumwitikia. Binti yangu akasema aliogopa kumwaibisha. Akasema alidhani akimhamisha kimya atakuwa amemsitiri.

"Ulinisitiri na nani? Wote waliniona nimeshushwa. Mimi mwenyewe nililala nikijiuliza nimekukosea nini. Ungeniuliza, mwanangu. Siku ya kwanza ningekataa. Siku ya pili ningelia. Siku ya tatu ningekwambia mwenyewe nataka kukaa wapi."

Mwanangu hakujitetea. Alisema, nimekosa, shangazi. Kisha akamwuliza, unataka kukaa wapi?

Bi Doa akasema anataka meza yake. Hataki kukagua peke yake, hilo amelijua tangu mwaka jana na lilimtia hofu kiasi cha kutokwenda kwa daktari, maana daktari akishasema, limekuwa kweli. Lakini vidole vyake vinajua mambo ambayo yule msichana mwenye macho makali hayajui. Damu ikikauka inakamata uzi, hata ukiifua mpaka rangi iishe, mahali pale panabaki pagumu. Mafuta yanateleza. Dawa ya kidonda inakwaruza. Akasema yule mtoto ana macho, mimi nina vidole, tuwekeni pamoja tutafanya mkaguzi mmoja mzuri.

Akaongeza jambo ambalo binti yangu hakulitegemea. Kesho tunaingia kwa meneja wote wawili, akasema. Mashuka yaliyorudishwa ni yangu mimi. Kuyaficha ni kwako wewe. Kila mtu ataje la kwake.

Binti yangu akasema, meneja anaweza kukurudisha nyumbani, shangazi. Bi Doa akasema, na wewe pia. Basi tutarudi wawili, njiani tutaongea.

Ndipo nikaitwa. Niliingia nikiwa nimeandaa maneno mengi, yote yakapotea. Nilipiga magoti, hayo magoti yangu mabovu, nikasema naomba unisamehe, nilimtetea wangu nikakuvua wewe.

Bi Doa akageuza uso upande wa sauti yangu. Akasema, miaka kumi na tisa nimekaa na mdomo wako karibu na ile pasi, nilipaswa kujua. Kisha akasema: "Wewe nitakusamehe kesho. Leo niache nikasirike." Na akaomba mwanangu aweke maji ya chai, akatutaka tukae, tukanywa wote watatu, yeye akiwa amenikasirikia na huku ananisogezea sukari.

Sasa msidhani yaliishia vizuri tu kama hadithi za kuwalaza watoto. Ijumaa waliingia kwa meneja. Yule siyo mtu mbaya, ni mtu wa makaratasi. Binti yangu alipewa barua ya onyo kwa kuficha mashuka yaliyorudishwa, na miezi yake ya majaribio ikarudishwa mwanzo, mitatu mingine. Bi Doa alipewa ruhusa ya kwenda kupimwa, na meza ile akakubaliwa kukaa na yule msichana, kwa kuangaliwa mwezi hadi mwezi. Hospitalini wamesema ni mtoto wa jicho. Jicho moja litafanyiwa upasuaji, la pili wanasema wataona.

Ile barua ya wafanyakazi haikwenda. Bi Doa mwenyewe alisimama chumba cha chai akasema macho yangu yameharibika, atakayenishika mkono bila kuniuliza nitamng'ata, na msimamizi wetu alikosea na mimi nilikosea, na koti nalo lilikosea kwa kutoitikia. Fundi ndiye aliyenisimulia. Anasema watu walicheka, wengine wakaona haya. Wengine hawakuona haya hata kidogo. Barua haikuchanwa, ipo kwenye kabati la mtu. Redio bado anamwita mwanangu mheshimiwa, na mwanangu sasa humwitikia, naam raia, na kazi inaendelea.

Siku hizi akibadili mpango wa kazi, humwendea kwanza yule anayehamishwa, wanakaa pembeni, anasema sababu na anasikiliza. Anasema inachukua muda mrefu mno. Siku nyingine anarudi amechoka kuliko zamani alipokuwa anakaza sura. Juzi aliingia, akavua viatu, akaniambia, mama, leo kazini kuna jambo, na silisemi. Ulimi uliniwasha, siwafichi. Nikamwambia kaa ule.

Basi wenzangu, na watoto wenu waliopewa watu, epukeni haya:

Usimfundishe mwanao kukaza sura kwa kazi ambayo wewe hujaifanya.

Usiutumie ugonjwa wako kumtoa mtu siri.

Usiape jambo ukiwa na hofu. Mwambie ukweli kwamba huwezi kulibeba, ili asikupe.

Usiende kumtetea mtoto mzima kwa watu anaowaongoza. Hata kwa yule mmoja unayemwamini. Huyo hasa.

Wewe uliyepewa cheo, usimhamishe mtu kwa karatasi mbele ya wenzake kabla hujakaa naye peke yake.

Usifiche kosa la mtu unayempenda kwa kulirekebisha asubuhi na mapema kila mara. Litazidi.

Usidhani kunyamaza ni kumsitiri mtu. Muulize.

Ukiona mtu analisalimia koti lako, jitokeze uitikie.

Usimshike mkono asiyeona bila kumwambia.

Na ukiwa umekosa, usingoje wapoe. Nenda siku hiyo hiyo, ukae nje mpaka uitwe.